Ripoti ya Kibonge cha Shaba

Mikumi,
12 Novemba 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua tangu masika limeanza kuisikia dawa ya kuchua. Shikamoo ya Mama iko humu humu, naomba umfikishie kabla hujaweka miwani. Mwambie unga wa muhogo alionitumia ulifika salama na umekwisha, na kwamba presha yake aipime hata kama anajisikia vizuri. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na kazi zinaendelea, ingawa joto la Mikumi mwezi huu limekuwa la kukomoa. Mbuzi wa jirani wanashinda chini ya malori yaliyoegeshwa, na dereva akitaka kuondoka lazima kwanza ashuke awafukuze.

Aliyekukabidhi barua hii ni Ditram. Najua ulimkataza kukanyaga uani kwako tangu Nane Nane, na najua umeipokea kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mlango. Nakuomba jambo moja tu kwa sasa: usimfukuze mpaka ufike mwisho wa karatasi ya mwisho. Nimemwambia asimame nje asubiri, na yeye ni mtu wa kutii hata pale anapoonewa. Jumamosi hii anatakiwa Magole kwa wazee wa Odilia kupeleka posa. Dada yako aliyemzaa hayupo duniani, shemeji yako hayupo, na wale wazee wamesema wazi kwamba hawapokei barua ya kijana asiye na mjomba wa kumsemea. Mjomba ni wewe. Wewe umesema huwezi kusimama mbele ya watu kumdhamini mwizi. Kwa hiyo, Baba, nimekaa chini kuandika.

Ungeweza kuuliza kwa nini sikupiga simu. Simu nazo unazipenda kwa kutoa amri tu, ukishamaliza yako unakata. Halafu wewe mwenyewe ndiye uliyetuzoesha karatasi. Kwetu mtoto akivunja kitu hachapwi. Anapewa karatasi yenye mistari aandike ripoti, kama ninyi mafundi wa njia mlivyoandika reli ikiharibika: nini kimeharibika, vipimo vyake, sababu, na mstari wa mwisho, aliyehusika. Nilikuwa na miaka tisa nilipoandika ya kwanza, ya kioo cha taa ya chemli, na uliirudisha kwa sababu sikuwa nimetia jina chini. Ulisema ripoti isiyo na jina ni umbeya. Mimi na Ditram tulikua tukiandika ripoti kuliko insha za shule, na za kwake zilikuwa nyingi zaidi kwa sababu hajui kutulia. Hii ni ripoti pia. Ni ndefu, lakini ajali yenyewe nayo si fupi.

Naanza na yale uliyoniambia kwenye simu wiki mbili zilizopita. Ulisema mtu wa kanisani kwenu alipita dukani kwangu akaona mipira ya maji inaingia kwenye kompyuta, akaja kukupa pole kwamba binti yako amechanganyikiwa, anafuga maji ndani ya umeme. Ulisema umri wangu si wa michezo. Ulisema niiuze ile mashine, nifunge, na ifikapo mwisho wa mwezi niwe nimerudi Kilosa nikamsaidie Mama gengeni. Ulikata simu kabla sijajibu, ukadhani nimekubali. Baba, sikukubali. Sirudi. Mashine siiuzi. Na yule ndugu wa kanisani mwambie alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho na kompyuta hiyo hiyo yenye maji ndiyo iliyomtolea.

Hukuwahi kuniuliza yale maji yanafanya nini, kwa hiyo nitakwambia bila kuulizwa. Kazi yangu kubwa sasa si fotokopi. Kuna mpima ardhi anaitwa Yared, kijana wa heshima zake, anazunguka vijijini huko ng'ambo ya Zombo na droni inayopiga picha za mashamba kutoka juu. Ananiletea picha elfu mbili, elfu tatu kwa kijiji kimoja, na kompyuta yangu inazishona moja kwa nyingine mpaka zinakuwa ramani moja kubwa, ambayo kila mtu anaweza kuweka kidole akasema hapa ni kwangu. Wakulima wanaitaka, na wafugaji wanaitaka zaidi, kwa sababu bila ramani kila mwaka wanagombania njia ile ile ya ng'ombe. Ila kushona huko ni saa kumi, kumi na moja, mashine ikifanya kazi kwa nguvu zake zote bila kupumzika. Ndani ya mashine kuna prosesa, ndiyo akili yake, kitu kidogo kisichofikia kiganja cha mtoto, nayo ikifanya kazi hivyo inachemka. Feni iliyokuja nayo ilitosha kwa watu wa baridi. Mimi niko chini ya bati, Mikumi. Saa ya tatu ya kazi nyuzi joto zinafika tisini na tano, mashine inajizima ili isiungue, na picha zote zinaanza upya. Nilinunua feni kubwa zaidi Morogoro, ikawa inapiga kelele kama mashine ya kusaga na joto likabaki pale pale. Yared alikuwa mpole, lakini alishaanza kuulizia mtu mwingine.

Ndipo nilipoamua kutumia maji. Wengi wanafanya, Baba, sikubuni mimi. Unaweka kibonge cha shaba juu ya prosesa, ndani ya kibonge kuna njia, maji yanapita humo yanalibeba joto, yanakwenda kwenye rejeta kupoa, yanarudi. Ni gari lisilotembea. Vya dukani vipo lakini si vya huku kwetu, na mimi ni mtoto wa fundi wa njia ya reli, siwezi kushindwa na kipande cha shaba chenye matundu. Nilipata shaba nene, milimita kumi na mbili. Nilikoipata nitasema.

Vipimo ndivyo hivi. Nilitumia venia yako ya zamani ya kupimia, ile uliyonipa nilipofaulu kidato cha nne. Kifuniko cha prosesa ni milimita thelathini na nane kila upande. Kwenye bodi kuna matundu manne ya skrubu, hamsini na nne kwa tisini, na humo ndimo kibonge lazima kishikwe. Kwa hesabu ya kawaida kibonge cha hamsini kwa hamsini kingefunika kila kitu na kubaki. Changu ni hamsini kwa sitini na mbili. Hizo kumi na mbili zilizozidi zilinisumbua kuliko kazi yote iliyobaki, zilienda kugonga memori ikabidi niihamishie tundu la mbali, na mtu yeyote mwenye akili angezikata kwa msumeno ndani ya nusu saa. Sikuzikata. Zina sababu yake, nitaifikia.

Nilikwenda kutoboa kwa Valentino, fundi wa malori hapa, kwa sababu ana drili ya kusimama. Alinitazama mimi, akakitazama kipande, akauliza kama natengeneza injini ya panya. Nikamwambia afunge mdomo afungue jiliwa. Nilitoboa mwenyewe, matundu matano marefu kutoka upande mfupi na mawili ya kukatiza kutoka upande mrefu, ili maji yaende na kurudi kama nyoka. Midomo isiyotakiwa nikaiziba kwa skrubu za shaba ya njano na risasi ya kulehemu. Juu nikaweka nipo mbili, vile vimdomo vya kuchomekea mipira, moja ya maji kuingia, moja ya kutoka. Mpaka tunamaliza, Valentino alikuwa amekaa juu ya tairi ananishikia taa, na hajarudia tena habari za panya.

Rejeta aliileta Ditram. Hilo ulijue mapema. Nilimpigia mwezi wa tano nikamwambia nataka rejeta ndogo, akasema kwenye lundo lake la chuma chakavu zipo za kutosha za aluminiamu. Baada ya kusikia ni ya kuunganisha na shaba, akanikatalia. Alisema shaba na aluminiamu zikishiriki maji moja zinalana taratibu mpaka moja inatoboka, yeye ameona kwenye matrekta. Akazunguka mpaka Dumila akapata rejeta ya hita ya lori la zamani, ya shaba tupu, akaileta kwa pikipiki amejifunga nayo mgongoni. Hakutaka hata soda.

Kabla maji hayajakaribia umeme nilikipima kibonge kwenye beseni, nikaziba upande mmoja na kusukuma upepo kwa pampu ya baiskeli, kama fundi pancha anavyotafuta tobo. Povu lilitoka sehemu moja, nikalehemu upya. Kisha maji yalizunguka juu ya meza siku mbili, pampu inafanya kazi, kompyuta iko mbali, na chini ya kila kiungo nimeweka karatasi ya choo ili tone likidondoka nilione. Zilibaki kavu. Sijui yule ndugu wa kanisani kama huwa anapima namna hiyo hata bomba la nyumbani kwake.

Sasa nije kwenye kosa, maana ripoti bila kosa ulikuwa huipokei. Uso wa chini wa kibonge niliusugua kwa msasa juu ya kioo mpaka nikajiona meno. Nikaupima kwa masizi na mafuta kama ulivyonifundisha, penye doa jeusi pamegusa, pasipo na doa hapajagusa. Ulikuwa umenyooka vizuri. Nikatengeneza mkono wa chuma bapa wa kukikandamiza, bolti nne, springi nne ndogo. Halafu, kabla ya kukaza, sauti yako ikanijia. Miaka yote ulituambia chuma kikipata joto kinaomba nafasi. Ulitupeleka relini saa nane mchana tukaona zile nafasi kati ya reli na reli zinavyozibika, ukatuonyesha usiku wa baridi zinavyofunguka, ukatuambia fundi asiyeacha nafasi anaua watu. Kwa hiyo mimi, binti yako mtiifu, nikaweka washa nne, vile vipete vya bolti, chini ya ule mkono, na kati ya kibonge na prosesa nikaacha nafasi ya wembe mmoja. Niliupitisha wembe wenyewe kuhakikisha. Nilijivuna kwamba wale wanaouza vya dukani hawana baba kama wangu.

Mashine ilijizima baada ya dakika nne. Niliwasha tena, dakika tatu. Nilibadili pampu, nikaongeza maji, nikaiweka rejeta dirishani, nikamlaumu Ditram na rejeta yake. Wiki nzima nilihangaika, na Yared alishasema ramani ya kijiji ikichelewa tena atapeleka picha Dodoma. Siku ya saba nikakifungua kibonge na kukigeuza. Pesti ya kupitishia joto, ambayo huwa inatandazwa katikati, upande wa shaba ilikuwa haijaguswa kabisa. Kibonge kilikuwa kinaning'inia juu ya moto bila kuugusa. Maji yalikuwa yanazunguka bure, baridi kabisa, na wembe mmoja chini yake prosesa inaungua.

Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, na Baba, nilikukasirikia wewe. Nilitoa zile washa zote nne nikazitupa nje. Nikakaza kwa msalaba, robo mzunguko kila bolti, mpaka shaba ikakaa kifuani mwa prosesa bila hata nafasi ya unywele. Kazi ya kwanza ilikwenda saa kumi na moja bila kuzima, na nyuzi joto hazikuzidi sitini na tatu. Mambo mengine hayataki nafasi. Hata reli mpya hapo Kilosa wameiunga moja kwa moja bila nafasi, na ulikwenda mwenyewe kuitazama, ukainama ukaishika, Mama alinisimulia.

Ramani ilifika kijijini siku ya mkutano. Nilikwenda nayo na Yared, tukaitandaza chini kwenye darasa la shule, kubwa kama mkeka wa harusi. Wafugaji walisimama upande mmoja, wakulima upande mwingine, nyuso zimekazwa. Bibi mmoja akapiga magoti, akatafuta kwa kidole muda mrefu, akaupata mpapai wake, akawaita wenzake waje wauone. Baada ya hapo hawakukaa tena pande mbili. Siku hiyo walikubaliana njia ya ng'ombe wakaichora kwa kalamu nyekundu juu ya kazi yangu. Ndiyo michezo yangu hiyo.

Sasa nimefika kwenye zile milimita kumi na mbili zilizozidi.

Baba, shaba ile ni ya Babu Lupakisyo. Ni kile kipande ulichokuwa umekifunga kwa bendera ya kijani ya reli na kukiweka kwenye sanduku lako la vifaa chini ya kitanda. Nilikitoa mimi. Ilikuwa Pasaka, mmekwenda ibadani, nikasema kichwa kinaniuma nikabaki. Nilikiweka kwenye mkoba chini ya ndizi alizonipa Mama. Bendera niliikunja nikairudisha kama ilivyokuwa, ndiyo maana hukugundua mpaka Agosti. Ditram hakukiona, hakukigusa, hakuuza. Alikuja kwako mwezi wa saba kuchukua mabati mabovu kwa sababu ulimwita mwenyewe, na kwa kuwa biashara yake ni chuma chakavu, ukajumlisha.

Siku ya Nane Nane nilikuwepo. Hilo ndilo zito kuliko shaba. Ulimkalisha sebuleni mbele yetu sote, ukampa karatasi yenye mistari na kalamu, ukamwambia aandike. Akasema hawezi kuandika ripoti ya kitu ambacho hakukifanya. Ukamwambia mtu asiye na kosa haogopi karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la kunawa mikono, na Mama akadhani nimechoka akanipokea. Ningesema neno moja tu. Sikulisema, na wala sikusahau wala sikuchanganyikiwa. Nilipiga hesabu. Nilijua ukijua utasema kibonge king'olewe siku hiyo hiyo, na ramani ya kijiji cha pili ilikuwa nusu. Nikaichagua ramani. Ditram akaondoka kwa miguu, na lile jina la mwizi akaondoka nalo.

Mwezi uliopita alikuja kunisaidia kulehemu rejeta. Aliinama kwenye mashine na tochi ya simu, akapitisha kidole ubavuni mwa kibonge, akasimamisha kidole pale. Babu alipigilia jina lake pale kwa herufi za chuma, enzi zile anapaka grisi mitambo ya shamba la mkonge Kimamba, na wewe unajua lilivyo refu. Linachukua milimita sitini na mbili. Upande mwingine wa kipande ulijaa matundu ya bolti za zamani, haukufaa kwa maji, sehemu nzima ilikuwa ile yenye jina. Nilipiga mstari wa kukata kwenye hamsini, nikaona utapita katikati ya jina la Babu, nikaufuta. Nikapiga mwingine, nikaufuta. Mwisho nikakata nje ya herufi ya mwisho, na matundu yote nikayatoboa kutoka pande zisizo na jina. Memori ikahama, jina likabaki zima. Ditram alilisoma lote kwa kidole. Nilisubiri anitukane. Aliuliza tu sasa hivi inasoma nyuzi ngapi, nikamwambia sitini na moja, akasema basi rejeta inafanya kazi.

Wakati anaondoka nilimwambia nitakuandikia. Alinikataza. Alisema mjomba amezeeka, ameshampoteza mtoto mmoja kwa jambo hili, akijua ukweli atapoteza wa pili, na yeye ameshazoea. Nimesikia mengi mwaka huu lakini hilo la kuzoea ndilo lililonichoma, na ndilo ninalolikataa. Leo amekubali kuleta barua kwa sababu nilimwambia nisipompa yeye nitakuja mwenyewe niisome kwa sauti kanisani kwenu. Unanijua kwamba ningeisoma.

Sitakuomba msamaha kwa kuikata shaba ya Babu. Nimejaribu kuutafuta huo msamaha moyoni, haupo. Ilikaa gizani chini ya kitanda miaka thelathini, hukuitazama ila siku za kuhama nyumba. Babu alikuwa mtu wa mitambo, na kile kipande kabla hakijawa kumbukumbu kilikuwa kinafanya kazi. Sasa kinafanya tena, jina lake liko ubavuni, nami nalifuta vumbi kila asubuhi. Kibonge hakitoki pale. Ukitaka kukiona, njoo Mikumi, nitakuwekea kiti. Kile kipande kilichobaki chenye matundu nimekifunga kwenye kitambaa, yuko nacho Ditram, ni chako. Na kwa wizi wenyewe, kuingia chumbani kwako mmekwenda kusali, hilo naliona aibu, nakuomba unisamehe hilo.

Kwa Ditram siombi, Baba. Nadai. Wewe ulimpa karatasi ya kosa langu, na mimi nilisimama nikatazama. Sote wawili tunadaiwa naye radhi ambayo yeye hataki hata kuidai. Jumamosi vaa lile koti la kahawia, mchukue, mpite Dumila mfike Magole kabla jua halijawa kali, umsemee kwa wazee wa Odilia kama unavyojua kusema. Waambie huyu ni mtoto uliyemlea, na kwamba hajawahi kuweka jina lake kwenye uongo hata aliposhikishwa kalamu. Kama sheria ya nyumba yako ni kwamba lazima mtu mmoja asikanyage uani, andika jina langu, nitaiheshimu. Lakini liandike sahihi.

Msalimie sana Mama, na usimfiche barua hii, atailia kidogo kisha atakuwa upande wangu. Wasalimie majirani wote, hata yule ndugu wa kanisani, fotokopi yake nyingine nitamtolea bure. Mungu akulinde na goti lako. Nakupenda, na sirudi, yote mawili ni kweli.

Ditram amesimama nje juani muda wote huu ambao umekuwa ukisoma. Mfungulie.

Kilichoharibika: shaba ya Babu Lupakisyo, imekatwa, na jina la Ditram, ambalo lilikuwa halina doa.

Vipimo: hamsini kwa sitini na mbili, na miezi mitatu na siku nne tangu Nane Nane.

Sababu: kazi, na woga.

Aliyehusika:

Tumwagile Gabrieli Lupakisyo